Vipimo Vyote vya Bi Thuwaiba

Hapa Mkunazini ukitaka kujua nani kanenepa, nani kakonda na nani ana mimba changa, njia fupi ni kumuuliza fundi wake wa nguo. Mafundi wengi watakwambia hata kabla hujamaliza kuuliza. Kwa Bi Thuwaiba binti Msabah utapewa kahawa, utapewa na kashata, kisha utarudi kwako hujui ulichokuwa hujui.

Mimi naitwa Nadra. Nasomesha hesabu katika skuli moja ya hapa mjini, na nyumba yetu na ya Bi Thuwaiba zimeegemeana, ngazi ni moja. Alinishonea nguo ya skuli, akanishonea ya harusi, na siku hizi ananishonea madira ya kukalia nyumbani. Kwa hiyo haya nayasimulia kwa niliyoyaona, na machache niliyoyasikia kupitia ukuta.

Bi Thuwaiba ana umri wa miaka hamsini na nane. Mfupi, mnene wa wastani, miwani ameifunga kwa kigwe chekundu, na futi ya kupimia iko shingoni mwake hata akenda mazikoni. Zamani wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu. Yeye kilichomfikia ni vyumba vitatu katika nyumba yenye warithi kumi na saba, na cherahani ya bibi yake ambayo bado inakwenda. Ameolewa mara mbili. Mume wa kwanza waliachana kwa wema. Wa pili, Talib, anafanya kazi Maskati na huja miezi miwili kwa mwaka, na Bi Thuwaiba husema hicho ndicho kipimo sahihi cha mume: akizidi hapo anabana. Nyumbani anaishi na Afra, binti wa kaka yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayefanya kazi mapokezi katika hoteli ya Shangani.

Siri ya watu kwake ni kama amana. Wanasimulia kwamba zamani alikuja bibi mmoja kutoka Vuga na mkate wa kumimina bado wa moto, mwanawe anataka kuposa, akaomba aambiwe kiuno cha yule msichana, "tujue tu kama ana afya."

"Muulize mwenyewe," Bi Thuwaiba akamwambia.

"Basi nipe cha mabega tu."

"Hata cha kidole sikupi."

Yule bibi akainuka, akauchukua na mkate wake.

Kwa miaka mingi vipimo vya wateja wake alikuwa akiviandika katika madaftari. Yalikuwa kumi na matatu. Mwaka mmoja masika yalikuja kwa hasira, dari likavuja upande wa kabati, na madaftari yote yakageuka uji wa buluu. Ilimchukua miezi kumpima upya kila mtu. Hapo ndipo Afra alipomtilia katika simu programu ya mafundi inayoitwa Pindo, ya kampuni changa ya Dar es Salaam. Unaandika jina la mteja, unaandika vipimo, na kama una la ziada unabonyeza alama ya kipaza sauti unasema.

Hilo la kusema ndilo lililomteka. Kuandika kwa kidole chenye subana ya kuzuia sindano ni taabu, lakini kusema hakumpi shida mtu wa Unguja. Kila mteja akishatoka, Bi Thuwaiba alikuwa akiinua simu mdomoni na kuieleza kila alichokiona: bega lililoshuka, mgongo ulioanza kupinda, mtu anayependa mkono mpana kwa ajili ya udhu. Kwa miaka sita alihifadhi humo watu mia nne na kumi na wawili, na sauti zake karibu elfu mbili. Madaftari hakuyataka tena. Aliniambia, "Nadra, mvua haiingii humu."

Sasa nije katika Shaabani iliyopita.

Shaabani ni mwezi wa harusi, watu wanaharakisha kabla ya Ramadhani. Bi Asila wa Kajificheni alikuwa anamuoza binti yake, na Bi Thuwaiba alikuwa na sare ya nguo ishirini na mbili za kushona, zote rangi ya zambarau, na wenyewe hakuna wawili wanaofanana mwili. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimepita kuchukua dira langu. Bi Thuwaiba alifungua simu atazame kipimo, akakunja uso.

"Afra!"

"Naam, shangazi."

"Njoo unisomee. Hawa watu wa Pindo wanasema wanafunga Ijumaa. Wanakwenda kusali au wanakwenda wapi?"

Afra alikuja na kitambaa cha vyombo mkononi, akasoma ule utepe mwekundu juu ya kioo, akausoma tena.

"Shangazi, hawafungi kwa sala. Wanafunga moja kwa moja. Kampuni imekwisha."

"Na vyangu?"

"Wanasema baada ya Ijumaa kila kilichomo kitafutwa."

"Kwa ruhusa ya nani? Mie sijawaambia wafute."

"Wanasema wameleta barua tatu kwa imeli, tangu mwezi wa Rajabu."

"Imeli ipi?"

"Ile niliyokufungulia mimi."

"Ah, ile! Mie nilidhani ile ni ya kuwashia simu tu."

Nilimtazama. Nilidhani atalia kama alivyolia wakati wa yale madaftari. Aliivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa. "Siku sita," akasema. "Nna nguo ishirini na mbili na siku sita. Haya, tuanze."

Katika programu kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Pakua taarifa zako." Afra akakibonyeza, likashuka faili ambalo simu haikuweza kulifungua. Tukaenda sote watatu kwa Ahmada, mwenye duka la fotokopi chini ya nyumba ya jirani. Ahmada ni mtu mwema ila mdomo wake hauna kizibo. Akalifungua faili kwenye kompyuta yake, akaanza kusoma kwa sauti:

"Bi Asila. Mkono, tarehe ishirini na moja Agosti."

Bi Thuwaiba akaruka, akaufunika uso wa kompyuta kwa baibui lake. "Ahmada! Mwanamme wewe, usisome vipimo vya wake za watu!"

"Kwani hicho kipimo? Hiyo tarehe, bibi!"

Nikaomba nitazame mimi, kwa kuwa ni mwanamke, na Bi Thuwaiba akanifunulia safu ya mikono tu. Nikaelewa. Bi Thuwaiba alikuwa akiandika urefu wa mkono, mstari wa mshazari, kisha upana wa kifundo: ishirini na moja kwa nane. Kompyuta ikaona hiyo ni siku na mwezi. Mikono yote ya wanawake wa mji ilikuwa imegeuka kalenda. Kuna aliyekuwa na mkono wa tarehe kumi na tisa Julai, kuna wa tarehe ishirini na tatu Septemba. Tulicheka mpaka Ahmada, ambaye hakuwa akiona kitu, naye akacheka.

Kilichonyamazisha kicheko ni pale Afra alipouliza sauti ziko wapi. Tukatafuta juu, tukatafuta chini. Yalikuwamo majina na namba. Sauti hata moja haikuwamo.

"Namba bila sauti ni mifupa," Bi Thuwaiba akasema polepole. "Namba inanambia bega ni inchi kumi na tano. Hainambii bega lipi."

Ahmada akajitolea kulihifadhi lile faili katika kompyuta yake, likae salama. Bi Thuwaiba akamshukuru, akamwambia alifute.

"Nshafuta."

"Na kule kwenye takataka?"

Ahmada akageuka. "Takataka za kompyuta umezijuaje?"

"Afra kanambia. Futa na huko."

Alisimama pale mpaka alipofuta na huko.

Siku ile ile akaanza kazi ya kusikiliza sauti moja moja na kuandika kwenye daftari jipya. Mpaka Jumapili jioni alikuwa ameandika watu thelathini na mmoja, na sare haijasogea. Nikampigia hesabu: waliobaki ni mia tatu themanini na mmoja kwa siku tano, ni zaidi ya sabini kwa siku, na kila mmoja ana sauti nne au tano. Nikamwambia hesabu haikubali. Nikamwambia pia kwamba nina likizo, anipe nusu niandike.

Akanishika mkono. "Nadra, wewe nnakupenda. Lakini kiuno cha watu huwezi kukisikia."

"Sitamwambia mtu."

"Najua hutosema. Lakini wao walinipa mie, hawakukupa wewe."

Nikaenda kumchemshia chai.

Ahmada, kwa upande wake, hakuwa ameona kitu, lakini alikuwa amesikia kidogo, na kidogo hicho alikigawa kwa kila aliyekuja kutoa fotokopi. Ilipofika Jumatatu mchana mji ulikuwa unasema kwamba vipimo vya wanawake wote wa Mkunazini, Kajificheni na Malindi vimeibiwa. Ilipofika alasiri vilikuwa vinauzwa mtandaoni, vya wanene bei mbali na vya wembamba bei mbali.

Nikasikia ngazi inalia. Nikafungua mlango: wanawake, mabaibui meusi kutoka chini mpaka juu, na mbele yao Bi Asila, mkoba kifuani kama ngao. Chumba cha Bi Thuwaiba hakikuwatosha, wengine wakabaki ngazini wakipokea habari kwa kupitishiana.

"Thuwaiba," Bi Asila akaanza, hata salamu hakutoa, "kiuno changu kiko wapi?"

"Kiko hapo hapo, umekuja nacho."

"Usinifanyie mzaha! Nambie, kiko kwenye mtandao au hakiko?"

Bi Thuwaiba akasimama na chaki yake mkononi. Akawaeleza yote: kampuni, barua ambazo hakuzisoma, faili, takataka. Hakujitetea. Akasema kosa la barua ni lake, na kwamba hakuna kilichouzwa. Ila Ijumaa vitafutika, na yeye hawezi kuviandika vyote peke yake, wala hawezi kumpa mtu mwengine aviandike.

"Basi fanya upesi," mmoja akasema kutoka ngazini. "Viandike kabla havijafutwa!"

"Nna mikono miwili tu."

Nakumbuka feni ilikuwa inazunguka na kukwaruza. Bi Thuwaiba alikuwa anamtazama Bi Asila kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Asila," akasema. "Mwenye hicho kiuno ni nani?"

"Swali gani hilo! Mimi."

"Basi mbona nahangaika mie? Kaa ukiandike mwenyewe."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyepanga, kabla ya magharibi mambo yalikuwa yameshajipanga. Chumba cha ndani kikawekwa meza na kiti. Ahmada, kwa kutubia, akakata karatasi ngumu za manila akazifanya kadi, akaleta na karatasi za kaboni, akaacha vyote mlangoni bila kuingia. Mwanamke anaingia peke yake, anapewa simu iliyofunguliwa kwenye jina lake tu, anatia spika masikioni, anasikiliza sauti zake zote za miaka sita na kuandika. Kadi ya juu anabaki nayo fundi, nakala ya chini anaondoka nayo mwenyewe. Afra aliomba ruhusa kazini siku tatu akasimamia zamu. Bi Thuwaiba alikaa chumba cha nje anashona zambarau.

Kitu kimoja hakuna aliyekifikiria. Wale wanawake walikuwa hawajawahi kusikia anavyowasema.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Asila, na hakukaa sana. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mashavu yamemvimba.

"Thuwaiba! Umesema mimi muongo!"

Cherahani ikasimama.

"Umesema, 'Asila anadai gauni limeruka kwa kufuliwa, limekuwa dogo. Gauni halikuruka.' Nimesikia kwa masikio yangu! Nnakupa watu ishirini na wawili uwashonee, kumbe huku nyuma unanisimanga kwenye simu!"

Wote tulitazama chini. Mie nilitazama kucha zangu kama siku hiyo ndiyo nimezipata.

"Umesikiliza mpaka mwisho?" Bi Thuwaiba akauliza.

"Nisikilize nini tena?"

"Rudi umalize."

Akarudi, kwa kutaka tu kupata la kuongezea ugomvi. Tukangoja. Alipotoka mara ya pili akaenda akakaa sakafuni karibu na cherahani, akaokota sindano iliyoanguka akaichomeka kwenye mto wake. Baadaye sana, harusi ilipokwisha, alinieleza mwenyewe ile sauti ilimaliziaje: "Ntaliachia inchi moja na nusu kimyakimya, kisha ntamwambia kweli limeruka. Mwaka mzima anamuuguza mama yake, hana haja ya jengine la kumvunja moyo."

Zamu yangu ilikuja Jumanne. Mimi ni mtu wa namba, nilikwenda kwa ajili ya namba. Sauti ya kwanza ikasema: "Bismillahi. Huyu Nadra. Nadra akipimwa anavuta tumbo ndani. Kiuno alichonipa ni thelathini na mbili. Ongeza inchi mbili za uwongo wake." Nikasikiliza ya mwaka uliofuata: "Bismillahi. Nadra tena. Inchi mbili za uwongo, kama kawaida." Miaka sita! Na mimi miaka yote hiyo nikijisifu mbele ya dada zangu kwamba mwili wangu haubadiliki na nguo za Bi Thuwaiba hazinibani kamwe. Niliandika thelathini na nne kwa herufi kubwa, nikatoka nikamkuta ananitazama juu ya miwani.

"Umeandika kweli?"

"Nimeandika."

"Alhamdulillahi. Umenipunguzia hesabu."

Mpaka Jumatano adhuhuri, kwa zamu za mchana na usiku, walikuwa wamekuja mia mbili na thelathini. Wengine walitoka wanacheka, wengine wanafuta macho, na mmoja alitoka akasema, "Kumbe alijua kabla ya mume wangu," asituambie alijua nini. Ngazini kulinukia visheti na chai ya maziwa. Lakini wateja wengine walikuwa mbali: Pemba, Maskati, London. Mwanakheri wa Jambiani, mkulima wa mwani, alipiga simu akasema bamvua limetoka, maji yamekupwa mbali, mwani wake haumngoji na yeye hawezi kuuacha, lakini Bi Thuwaiba asimpoteze, kwani fundi mwengine hataelewa mabega ya mtu anayeinama baharini nusu ya mwezi.

Afra alikuwa ameiandikia kampuni tangu Jumamosi. Alichopata ni jawabu la mashine: asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu ndani ya siku kumi.

"Siku kumi, na uhai wao wenyewe siku mbili," Bi Thuwaiba akasema. "Hakuna namba ya simu?"

Afra akachimbachimba ndani ya programu mpaka akaipata moja, chini kabisa ya ukurasa wa masharti. Bi Thuwaiba akapiga mwenyewe, akaweka sauti ya wazi ili mikono yake iendelee kutia pindo. Ikalia sana. Tulipokuwa tunakata tamaa ikapokewa na mwanamme, na nyuma yake mwangwi wa chumba kitupu.

"Pindo, habari za saa hizi."

"Salama, mwanangu. Mie Thuwaiba Msabah, fundi, Unguja. Nnataka sauti zangu."

"Shikamoo, mama. Sauti zipi?"

"Marahaba. Zile nilizosema kwenye simu miaka sita. Mmenipa namba, sauti mmebaki nazo."

Yule mwanamme akajitaja kuwa ni Mahfoudh, na kwamba ofisini amebaki yeye na mlinzi. Akaeleza kwa upole kwamba kitufe cha kupakua kinatoa maandishi tu. Cha sauti walikusudia kukitengeneza mwaka huu.

"Hata mie nakusudia mengi," Bi Thuwaiba akasema.

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama, watu wengi wananiandikia matusi. Hata sikulaumu ukiwa na hasira."

"Sina hasira. Duka lolote linaweza kufungwa. Lakini fundi akifunga duka, kwanza anarudisha vitambaa vya watu. Hata kama hakushona. Hata kama amefilisika. Anakwenda mlango kwa mlango anarudisha."

Tukasikia kitu kama boksi linasukumwa. "Sauti zipo," Mahfoudh akasema mwisho. "Naweza kuzitoa kwa mkono. Lakini lazima nihakikishe kwamba wewe ndiye. Nitajie kipimo cha mteja wako mmoja, nilinganishe na ninachokiona hapa."

"Sikutajii."

"Ni kwa usalama, mama."

"Na mie ni kwa usalama. Tafuta njia nyengine."

Afra akajipiga kofi la paji. Mimi nikadhani yamekwisha. Lakini Bi Thuwaiba akafikiri, akasema, "Namba ya kwanza humo ni mie mwenyewe. Nilijipima siku ya kujaribu. Changu ni changu, ntakutajia urefu wa mkono." Akaizima sauti ya wazi, akaigeukia kona ya ukuta, akanong'ona. Nilisikia, lakini sitauandika hapa.

"Ndiye wewe," Mahfoudh akasema, tulipowasha tena sauti ya wazi. Akaahidi kwamba kiungo cha kupakulia atakiweka ndani ya Pindo yenyewe, katika jina la Bi Thuwaiba, kisiende kwa mtu mwengine.

Kilikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko bando la simu yoyote nyumbani, ikabidi twende tena kwa Ahmada mwenye mtandao wa kasi. Ahmada akampa Bi Thuwaiba kiti chake, akatoka nje akakaa barazani akiwa ametupa mgongo, na kila aliyetaka fotokopi akamwambia arudi adhuhuri. Zilipokwisha kushuka, Afra akazitia katika flashi mbili. Tukafungua tutazame: hakuna majina. Kulikuwa na namba tu, moja, mbili, tatu, mpaka elfu moja mia tisa na kitu.

Bi Thuwaiba akabonyeza mojawapo, yoyote tu. Ikatoka sauti yake: "Bismillahi. Huyu Mwanakheri wa Jambiani."

Akabonyeza nyengine, ikamtaja mtu wa Wete. Alikuwa na desturi hiyo, hawezi kuanza kumsema mtu bila ya bismillahi na jina, na hakuwahi kuiacha hata mara moja. Afra alikaa juu ya rundo la karatasi akacheka mpaka akashika mbavu. Ahmada akauliza kutoka nje kama sasa anaweza kugeuka.

Ijumaa, baada ya sala, tulifungua Pindo tukakuta ukurasa mweupe na maneno ya kwaheri. Bi Thuwaiba aliyasoma, akaifuta programu kwenye simu, akarudi kwenye zambarau. Nguo ya ishirini na mbili ilimalizika Jumamosi saa sita mchana, harusi ilikuwa saa kumi. Wanaojua nguo walisema hawajaona sare iliyowakaa watu wote namna ile, na mimi nilikuwa mmoja wa waliovaa, na kiunoni nilikuwa napumua.

Wiki iliyofuata Mahfoudh alileta ujumbe. Baada ya ile simu aliwaomba wakubwa zake siku kumi na nne zaidi kabla ya kufuta, wakakubali. Akawaandikia mafundi wote waliobaki, wa Tanga, wa Mombasa, wa Moroni, kwamba anayetaka sauti zake aseme. Mia na sitini walisema. Alizitoa kwa mkono, mmoja mmoja, na mwisho wa mwezi akafunga mlango.

Zile kadi nazo zimeleta mambo yake. Mwanamke akiwa na vipimo vyake mkobani anaweza kwenda kwa fundi yeyote, na watatu walikwenda. Wawili wamerudi. Afra alimuuliza shangazi yake kama yule wa tatu anamuuma, akasema hamuumi, kadi ni yake, amwendee amtakaye. Kisha akashona mpaka magharibi bila kusema na mtu, kwa hiyo nadhani alimuuma kidogo.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja wa kampuni nyengine, suti safi, simu mbili, anatembeza programu mpya ya mafundi. Alipewa kahawa na kashata. Akaonesha jinsi ya kutia picha, jinsi ya kusema, jinsi ya kuwatumia wateja meseji. Bi Thuwaiba alisikiliza kila kitu kwa adabu, akavutiwa kweli, hasa na hilo la picha.

"Nzuri," akasema. "Sasa nioneshe mlango wa kutokea."

"Mlango upi, mama?"

"Nikitaka kuondoka na vyangu vyote, maandishi na sauti na picha, nnabonyeza wapi? Nioneshe nikiwa hapa."

Yule kijana akatafuta kwenye simu ya kwanza, akatafuta kwenye ya pili. Akasema atawauliza ofisini. Bi Thuwaiba akamwambia hana haraka, akamkatia na kipande cha kashata cha njiani, na kwa kuwa suti yake ilikuwa imefumuka kidogo nyuma ya bega, akamwambia aivue, akamtilia nyuzi mbili tatu kabla hajashuka ngazi.